Magari ya Ziadani Hayarudi Nyuma

Sogeeni karibu, na aliye na mchele wa kuchagua achague huku anasikiliza, maana habari hii haimzuii mtu kufanya kazi yake. Ni habari ya Bi Siwatu, aliyekwenda nchi ya Ziadani kumchukua mwanawe. Alipanda nini, alilala wapi njiani, hayo tuyaache. Alikwenda akafika, na alipofika alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope.

Alichokifuata kilikuwa kimoja tu. Binti yake Mwajabu, aliyeolewa huko Ziadani na kijana aitwaye Mbaruku, alikuwa na mimba ya kwanza, na tumbo lenyewe lilikuwa limeshashuka. Na kwao Bi Siwatu mimba ya kwanza mwanamke huzalia kwa mama yake, si kwa mumewe. Ya pili na ya tatu azalie atakako, lakini ya kwanza ni ya nyumbani.

Basi akafika mlangoni pa mkwewe, akakuta mlango hakuna. Pale penye mlango palikuwa na tundu. Akainua macho, akaona paa nalo hakuna. Kuta zimesimama, ndani jua linawaka kama nje. Kwa kuwa hapakuwa na cha kugonga, akagonga ukuta.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu mama! Shikamoo!" Mwajabu alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, tumbo limemtangulia, kanga ameitanda kichwani kujikinga na jua, na yuko sebuleni kwake.

"Marahaba, mwanangu. Masikini weye! Mmevamiwa?"

"Hatukuvamiwa, mama. Tumenunua gari."

Gari lenyewe lilikuwa uani. Bi Siwatu alikuwa ameyaona magari, lakini kama hilo hakupata kuliona. Lilikuwa jeusi la kung'aa hata ukilitazama unajiona mpaka jino lililong'oka. Lina taa mbele, nyuma, ubavuni na chini ya tumbo. Ukilikaribia linakupulizia manukato. Na pua yake ilikuwa imegusa ukuta wa uani, imegusa kabisa, huwezi kupenyeza kiganja.

Mbaruku akatoka ndani ya gari, maana mchana wote alikuwa akishinda humo. Ni kijana mzuri, mpole, mwenye adabu zake. Akainama kumwamkia mkwewe, macho chini. Kisha akashindwa kujizuia.

"Mama, kwa heshima zako, hebu kaa hapa kidogo."

Bi Siwatu akakaa. Kiti kikamkumbatia kiunoni.

"Laini, eti mama?"

"Laini sana, baba."

"Godoro letu hilo," akasema Mbaruku kwa fahari. "Sasa tazama juu. Dirisha la kutazamia mawingu. Hilo tumelilipia kwa paa."

Hapa inabidi niwaeleze sheria ya nchi ile, msije mkadhani kijana ana wazimu. Ziadani hakuna fedha. Magari yote hutoka mahali pamoja panapoitwa Karakana Kuu, na gari lenyewe unapewa karibu bure, kwa kuku mmoja na salamu njema. Likishafika nyumbani ndipo anapokuja Mshenga wa Magari, amevaa kanzu na koti, anasifu, anakunywa kahawa, halafu anauliza kwa upole kama bwana angependa nyongeza. Si lazima. Hilo hulikariri mara nyingi: si lazima, ni hiari yako bwana, wengine huliacha likawa hivyo hivyo, masikini, nasi hatuwacheki. Na kila nyongeza hulipwa kwa mfano wake wa nyumbani. Kiti laini, godoro. Vioo vya giza, madirisha yako. Kitasa kinachofunguka kwa kuguswa, mlango wa mbele. Nani aamue mfano wa kila kitu? Yuko mzee mmoja mkubwa serikalini, Mkuu wa Mifano, na neno lake halipingwi.

Vingine mifano yake haishikiki. Breki, kwa mfano, nazo ni nyongeza, na mfano wake ni subira. Anayetaka breki hutoa subira ya nyumbani kwake.

"Na wewe breki unazo?" akauliza Bi Siwatu.

"Ninazo, mama."

"Ulitoa subira yako?"

Mbaruku akajikuna shingo. "Yangu haikutosha. Nikatoa ya Mwajabu."

"Nilikuwa nashangaa," akasema Mwajabu kutoka kwenye ndoo yake, "mbona siku hizi kila kitu kinanikera."

Bi Siwatu akavuta pumzi. Alikuwa mtu mzito wa kukasirika, mwenye kungoja chungu mpaka kiive chenyewe. Akasema, "Mkwe wangu, hiki ni kiroja. Unampa mtu kitu kwa kuku, halafu unamvua nguo kidogo kidogo?"

"Mama, nisamehe, lakini si hata kwenu ni hivyo? Mahari niliyotajiwa ilikuwa ndogo. Halafu kikaja kilemba cha baba. Kikaja kifungua mlango. Ukaja mkaja wa mama. Na shangazi naye akazuia njia na mkeka wake, hapiti mtu."

Bi Siwatu akakohoa kikohozi kirefu. "Hiyo ni mila, baba."

"Na hii ni mila ya hapa, mama."

Akaona aliache hilo. "Haya. Mimi nimekuja kumchukua mwenzio akajifungulie nyumbani. Na kwa kuwa gari lipo, tena zuri, tupakie twende."

Mwajabu akatazama chini.

"Haliwezi kutoka, mama," akasema Mbaruku. "Liliingia kwa mbele."

"Basi litoke kwa nyuma."

Mbaruku akacheka, kama mtu aliyeulizwa na mtoto mwezi huliwa na nini. "Kurudi nyuma kunataka rivasi, mama. Rivasi ni nyongeza. Hakuna mtu Ziadani aliyewahi kununua."

"Kwa nini?"

"Haionekani! Taa jirani anaziona. Honi anaisikia. Manukato anayanusa akaumwa na roho. Rivasi iko ndani huko, utamwonyesha nani? Halafu watu watasema, mtazameni huyo, anatarajia kukosea njia."

Ndipo Bi Siwatu alipofahamu alichokiona alipokuwa akiingia mjini: magari mengi, yote yanang'aa, yote yamekabili ukuta kama watoto walioadhibiwa. Gari la Ziadani hutembea mara moja, siku linapotoka Karakana kuja nyumbani, kwa ngoma na vigelegele. Likishaingia uani, basi. Wachache wenye ukaidi hubomoa ukuta wa mbele wakaendelea mbele kwa mbele, ndiyo maana barabara za mji ule hupita katikati ya majiko ya watu. Mbaruku hata hilo asingeliweza, maana upande wa pili wa ukuta wake palikuwa na gari la jirani, Bwana Feruzi, nalo pua imegusa ukuta ule ule.

Na kutoka kwa miguu? Sokoni watu huenda kwa miguu kimyakimya, na askari hufumba macho. Lakini kuvuka mpaka kwa miguu mwenye gari na watu wa nyumbani kwake hawaruhusiwi. Ni kulitia gari aibu.

Wakiwa katika mazungumzo hayo, kichwa kikatokeza juu ya ukuta. Ni Feruzi mwenyewe, amevaa gunia lililotobolewa mikono, maana nguo zake zote zilikuwa zimekwenda kwenye mapazia ya gari.

"Jirani! Nasikia una mgeni. Mwambie mgeni wako taa za kwangu zinakonyeza."

"Na mimi zangu zinabadilika rangi!" akajibu Mbaruku.

"Zinabadilika, ndiyo. Lakini zinakonyeza?"

Kichwa kikazama. Mbaruku akabaki anauma mdomo. Kisha akamgeukia mkwewe, akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa siri ya furaha, "Kesho hatatia neno tena. Nimeagiza Sauti ya Kuongoza. Unakaa ndani, gari linakwambia njia kwa sauti nzuri ya kike. Kulia. Kushoto. Umefika."

"Gari lisilotoka uani?"

"Hata hivyo, mama. Linasema."

Bi Siwatu akaona mwanawe amegeuza uso. "Na mfano wake nini?"

Aliyejibu ni Mwajabu. "Sauti ya mtu wa nyumbani, mama. Wanakuja kesho asubuhi na kibuyu. Unasemea humo mpaka inakwisha."

"Sauti ya nani?"

"Walimjaribu yeye kwanza. Wakasema yake inakwaruza." Akajifuta jasho. "Mimi nilikuwa jikoni. Nilipotoka, nimeshaagizwa."

Sasa hapo ndipo moyo wa Bi Siwatu ulipopiga kishindo. Godoro linashonwa jingine. Paa linaezekwa. Lakini mtoto atazaliwa, na mama yake hatamwita jina. Atakuwa akimfumbulia mdomo kama samaki.

"Haipotei, mama," Mbaruku akawahi kusema, na masikini aliamini. "Inahama tu. Inakuwa garini. Tukiitamani tunakuja kukaa humu."

"Na mtoto akilia?"

"Tutamleta garini."

"Abembelezwe na gari?"

"Ndiyo, mama."

"Litamwambia nini?"

Mbaruku akafikiri. Alikuwa mkweli, hiyo nampa. "Litamwambia... ageuke kushoto."

Hakuna aliyecheka.

Asubuhi wachukuzi wa Karakana wakaja, watu wawili na kibuyu, mmoja wao ameshika kizibo cha kitambaa cheupe. Walikuwa na heshima nyingi. Wakamwamkia Bi Siwatu, wakamuuliza Mwajabu kama amekunywa chai, maana sauti iliyopata chai hutoka kwa wepesi.

"Wanangu," akasema Bi Siwatu, "mtu akiagiza kitu, akabadili nia, hufanyaje?"

Wakatazamana. "Nia inabadilishwa vipi, bibi?"

"Anasema, sikitaki tena. Chukueni chenu, nipeni changu."

"Aa. Huko ni kurudi nyuma," akasema mwenye kizibo. "Sheria ipo. Gari likirudi Karakana kwa kinyumenyume, huvuliwa kila kitu, na kila mfano hurudishwa kwa mwenyewe. Lakini litarudije kinyumenyume bila rivasi? Na rivasi hakuna aliyenayo."

Bi Siwatu akamgeukia mkwewe, akamuuliza taratibu, kama anayeuliza bei ya nyanya, "Hivi Feruzi anayo hiyo rivasi?"

"Hana, mama. Nimekwambia hakuna."

"Hata wakubwa hawana?"

"Hata Mkuu wa Mifano hana."

"Kwa hiyo atakayeichukua leo atakuwa wa kwanza Ziadani nzima."

Macho ya Mbaruku yakaanza kumeremeta. "Wa kwanza," akasema. Akatazama juu ya ukuta. "Wa kwanza! Wachukuzi! Naagiza rivasi!"

Na Ziadani agizo jipya halikataliwi, hutangulia yote yaliyo mbele yake. Wachukuzi wakaziba kibuyu. Lakini mfano wa rivasi walikuwa hawaujui. Ikabidi wote waende Barazani kwa Mkuu wa Mifano: Mbaruku mbele anatembea kwa madaha, Mwajabu na mama yake nyuma polepole, wachukuzi na kibuyu chao, na Feruzi ndani ya gunia lake, maana alisikia yote.

Mkuu wa Mifano alikuwa mzee mkavu mwenye miwani isiyo na vioo. Vioo alivitoa kwa ajili ya taa za ukungu. Kulia kwake alikaa mjumbe mnene, kushoto mjumbe mwembamba. Habari ilipotajwa Baraza zima likavuma kama nyuki. Rivasi! Nani? Yule? Wa kichochoroni?

"Mfano wa rivasi," akasema mjumbe mnene, "ni mlango wa uani. Pa kutokea nyuma."

"La hasha," akasema mwembamba. "Anayetoka kwa mlango wa uani anakwenda mbele vile vile, ila kageuka tu. Mfano wake ni kisigino."

"Tukimtoa kisigino atasimamaje?"

"Kusimama si hoja ya leo."

"Labda jana," akasema mjumbe wa nyuma kabisa. "Jana yake ya nyumbani. Tuichukue."

"Jana yake tulishaichukua," akasema karani. "Kwa kile kioo cha kutazamia nyuma."

Wakabishana mpaka kahawa ikapita mara ya pili. Mkuu wa Mifano akafumba macho, akasema hatimaye, "Rivasi ni kitu ambacho gari lina uwezo nacho, lakini mwenyewe hakitaki. Basi mfano wake ni kitu kilichomo nyumbani, na mwenyewe hajawahi kukitoa. Mwenye nyumba, ni kitu gani kwako hakijawahi kutoka?"

Mbaruku akafikiri. "Mheshimiwa, kwangu kila kitu kimetoka."

Mwajabu alikuwa ameegemea nguzo, mkono kiunoni. Jua lilikuwa kali, subira hana, na ninyi mnajua imekwenda wapi. Akapasuka.

"Kipo kimoja! Tangu ameniposa sijakisikia! Ameniezulia nyumba, hajasema. Amenilaza chini na tumbo hili, hajasema. Amenipigia hesabu ya sauti yangu mimi niko jikoni, hajasema. Aseme amekosa! Hicho ndicho kilichomo ndani mwake hakitoki!"

Mjumbe mnene akaweka kikombe chini. Wanaume wengi wakaanza kutazama kucha zao.

Mkuu wa Mifano akatikisa kichwa taratibu kukubali. "Huo ndio mfano. Rivasi inalipwa kwa nimekosa. Atoe, hapa, mbele za watu. Na kama sheria isemavyo, mfano hutolewa mzima, kama ulivyo, bila kupachikwa kitu."

Feruzi akacheka mpaka gunia likatetemeka. "Haya jirani! Wa kwanza Ziadani nzima!"

Mbaruku akasimama katikati. Jasho likamtoka. Alikuwa ametoa paa bila kupepesa, lakini hili lilimkwama kama mfupa.

"Makosa," akasema, "yalifanyika."

"Na nani?" akauliza mwembamba.

"Yalifanyika tu."

"Hiyo haina mwenyewe. Haipokelewi."

"Kama yuko mtu aliyekwazika..."

"Hiyo ina *kama*. Nyongeza. Ivue."

"Binadamu wote hukosea."

"Umetoa ya jirani zako. Toa yako."

"Nimekosa," akasema Mbaruku, na watu wakavuta pumzi, "lakini Feruzi ndiye aliyeanza."

"Ina *lakini*!" Baraza zima likapiga kelele. "Ina *lakini*! Vua *lakini*!"

"Nimekosa kwa sababu nilitaka mke wangu akae vizuri..."

"Ina *kwa sababu*!"

Akajaribu ya tabasamu, ikakataliwa. Akajaribu ya hotuba yenye shukrani kwa Mkuu na wajumbe wake. Mkuu aliipenda, lakini nayo ikakataliwa. Kila aliyoitoa ilikuja na kitu kimepachikwa juu yake, maana huyo ni mtu wa Ziadani, hajui kutoa kitu kitupu. Mwishowe Mkuu akainua mkono.

"Ameshindwa. Agizo la rivasi limeanguka. Turudi kwenye agizo lililotangulia. Leteni kibuyu."

Wachukuzi wakazibua. Mwenye kizibo akamwendea Mwajabu kwa heshima zake zote. "Sema lolote, dada. Jina la mtu huwa jepesi kuanzia."

Bi Siwatu akainuka, askari akamzuia kwa upole. Mwajabu akamtazama mama yake. Kisha akamtazama mumewe. Akaweka mdomo kwenye kibuyu, akamwita.

Sauti ikaingia humo kama maji. Aliyekuwa karibu alisikia "Mbaru," basi. Kipande kilichobaki midomo ilikitamka na hakikutoka. Akajaribu tena. Midomo ikacheza. Akashika koo, macho yakamtoka kwa hofu, na mkono mwingine ukaenda tumboni wenyewe.

Mbaruku alikuwa akimtazama. Feruzi alikuwa bado anacheka, Mbaruku hakumsikia. Alimwona mkewe, na ule mdomo unaofumbuka bila kitu, unaita jina lake na jina halifiki.

"Nimekosa," akasema.

Wajumbe wakatega masikio kungoja kinachofuata. Hakikufuata kitu. Alisimama pale na mikono imelegea, hana alichokibakiza, amekuwa kama nyumba yake.

Mkuu wa Mifano akavua miwani yake isiyo na vioo. "Imepokelewa," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Kibuyu kikainamishwa mdomoni mwa Mwajabu, kikarudisha. Naye neno la kwanza alilolisema liliingia vizuri sana masikioni mwa mama yake, ingawa si neno la kuandikwa.

Sasa mngeliona siku ile gari lilivyotoka! Fundi alikuja akachomoa kijichuma kidogo kilichokuwa kimezuia gia. Hicho tu, maana rivasi ilikuwamo tangu mwanzo. Gari likanguruma, likaachana na ukuta, likatangulia kwa makalio mtaani. Watoto wakakimbia, wazee wakatoka, kuna mama mmoja aliyefunika uso akadhani si staha. Mbaruku hakujua kuendesha hivyo, shingo ilimpinda. Mwajabu aliyekaa nyuma ndiye aliyekuwa akimwelekeza. "Kulia! Kulia kwangu, si kwako! Utaingia jikoni kwa watu! Wewe, hebu nisikilize!"

Karakana wakalivua. Ngozi, vioo, mapazia, manukato, taa za tumboni, breki hata nazo. Bi Siwatu akaomba breki zibaki, na hapo ikawa mvutano, mpaka Mwajabu akasema subira yake waiweke tu, ameshazoea kuishi bila hiyo. Paa likarudi nyumbani, mlango ukarudi, godoro likarudi, na jana ya Mbaruku nayo ikarudi, akakumbuka mambo mengi kwa mara moja. Kilichobaki mbele yao kilikuwa mabati manne na magurudumu, usukani, ubao wa kukalia mbele na mwingine nyuma.

Mbaruku akakizunguka. "Kumbe lilikuwa gari," akasema.

Na watu wa Ziadani? Nasikia kesho yake kulikuwa na msururu mlangoni kwa Mkuu wa Mifano, kila mtu anataka rivasi, Feruzi mbele kabisa. Na Karakana, kwa kuwa biashara ni biashara, wakaanza kutoa nimekosa zilizotengenezwa tayari, zenye kinubi na machozi ya kunyunyiza, kwa anayependa. Si lazima, ni hiari. Magari yao yangali yametazama ukuta mpaka leo.

Hao watatu wakashika njia. Mpakani askari aliwatazama, akatafuta cha kuwaonea wivu, hakukiona, akawapisha. Ubao uliwaumiza, vumbi liliwaingia, na walipoanza kuyaona mapaa ya kwao Bi Siwatu, Mwajabu akajikunja.

"Mama! Yamekuja!"

"Vumilia, mwanangu, tumefika."

"Sina cha kuvumilia nacho! Subira niliiacha Karakana!" Kisha akamgeukia aliyekuwa kwenye usukani. "Mbaruku! Wewe ndiye uliyenifanyia haya!"

"Nimekosa, mke wangu."

"Na mashimo ya njia nzima umeyapitia moja moja!"

"Nimekosa."

"Na usinitazame! Tazama mbele!"

"Nimekosa."

Wakamwingiza nyumbani, chumba kile kile alichozaliwa yeye. Wanawake wa mtaani wakaja na maji ya moto na vitambaa, na kwa kuwa kwao mwanamke hazai kwa kelele, ni aibu, mmoja wao akamwinamia haraka amzibe mdomo kwa upindo wa kanga. Bi Siwatu, aliyewaziba wengi kwa mkono wake mwenyewe miaka yote hiyo, akaushika ule mkono, akauondoa.

"Mwache," akasema. "Piga kelele, mwanangu. Piga zote."

Akazipiga. Zikasikika mpaka kisimani.